Kalamu badala ya kipanya: tableti ipi inamfaa mpiga picha wa harusi?

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mpiga picha za harusi na sendoff hapa Morogoro, huu ni mwaka wangu wa nne. Kila shughuli narudi na picha 600 hadi 800, nazihariri kwa Lightroom na Photoshop kwenye kompyuta mpakato ya inchi 15.6, kwa kipanya tu. Tangu mwaka jana mkono wa kulia unauma na wakati mwingine vidole vinakufa ganzi. Rafiki yangu mmoja ananiambia ninunue tableti yenye skrini, mwingine anasema nisiguse chochote kilicho chini ya ngazi 16,384 za mkandamizo, na muuzaji anasema ndogo inatosha. Sijui kuchora hata kikombe. Je, kifaa hiki kitanisaidia kweli, na nichukue kipi?"

Marahaba, na pole kwa mkono. Umeuliza uchukue kifaa kipi, lakini nikisoma swali lako naona mambo mawili yanagombania mfuko mmoja: unataka kazi iende haraka, na unataka mkono uache kuuma. Tableti ya kuchorea inaweza kukusaidia kwa yote mawili, ila si kwa kiasi wanachokuahidi rafiki zako, wala si kwa sababu wanazozitaja. Nitangulize jibu kabla ya maelezo: kwa kazi unayoieleza, ningechukua tableti isiyo na skrini, ya ukubwa wa kati, yenye kalamu isiyotumia betri, na nisingelipa hata shilingi moja ya ziada kwa ajili ya hizo ngazi 16,384.

Tuelewane kwanza kuhusu jina, kwa sababu linawasumbua wengi dukani. Ukiomba "tableti" utaletewa kishikwambi, kama vile walivyobeba makarani wa Sensa ya mwaka 2022. Unachotafuta wewe ni kibao bapa kisicho na kioo wala picha yoyote, kinachochomekwa kwenye kompyuta kwa waya wa USB na kuja na kalamu yake. Kalamu inapita juu ya kibao, macho yanabaki kwenye skrini ya kompyuta yako ileile. Sema "tableti ya kuchorea ya kompyuta" na utaje kampuni unayoitaka, usije ukarudi nyumbani na kifaa cha kutazamia sinema.

Kutojua kuchora kusikutie hofu hata kidogo. Kuhariri picha si kuchora. Hakuna umbo unaloliumba kutoka kwenye karatasi tupu. Kazi yako inakaribiana zaidi na ya mpambaji wa bibi harusi, ambaye hachori uso bali anapaka kidogo hapa, anafifisha pale, na ujuzi wake wote umo katika kujua wapi azidishe na wapi ainue mkono. Nawafahamu wahariri hodari ambao wakipewa penseli na karatasi hawawezi kukuchorea mbuzi ukamtambua.

Tofauti kati ya kipanya na kalamu iko hapo kwenye kuzidisha na kuinua. Kipanya kinajua mambo mawili tu: kitufe kimebonyezwa au hakijabonyezwa. Ukichagua brashi yenye uzito wa asilimia 10, kila mpako utakuwa wa asilimia 10 tangu unapoanza hadi unapoachia. Kalamu husoma pia umeikandamiza kwa nguvu kiasi gani, na hubadilisha uzito wa mpako huku mkono ukiwa bado unakwenda.

Chukua tatizo ambalo bila shaka unakutana nalo kila Jumamosi. Bibi harusi amepakwa fandesheni iliyo nyeupe kidogo kuliko shingo yake. Ukumbini hakuna aliyeona, lakini flashi imeufichua mstari chini ya taya, kutoka sikio hadi sikio. Unatengeneza tabaka la kutia giza juu ya picha na maski yake, yaani kifuniko kinachoamua giza hilo lionekane wapi, kisha unaanza kupaka. Kwa kipanya, mpako wa kwanza hautoshi, unarudia wa pili, na pale mipako miwili ilipopandana pametokea kiraka cheusi zaidi kama ukuta uliopakwa rangi na fundi mwenye haraka. Unafuta, unapunguza asilimia, unarudia tena mara 15. Kwa kalamu unaanzia karibu na sikio kwa kugusa tu, unakandamiza unapofika chini ya kidevu palipo na tofauti kubwa, kisha unainua mkono taratibu ukielekea kooni, na kingo zinafifia zenyewe. Ni miondoko mitatu au minne. Hali ni hiyohiyo kwa vivuli chini ya macho, mng'ao wa jasho kwenye paji la uso wa bwana harusi, na kuchagua kwa uangalifu ukingo wa shela au wa nywele.

Niongeze neno la pembeni ambalo hukuliuliza. Urahisi huu una hatari yake, kwani mhariri mpya wa kalamu hulainisha ngozi mpaka vinyweleo vinatoweka, na akisha kulainisha hung'arisha, hadi mama mzazi anaiangalia albamu na kuuliza huyu ni nani. Mstari wa fandesheni uondoe. Rangi ya ngozi ya mtu iache ilivyo.

Sasa upande wa pili wa mizani. Kati ya picha zako 700, ni ngapi zinazohitaji brashi? Kazi ya kuchagua zipi zibaki, kurekebisha mwanga, kusawazisha rangi ya taa za ukumbi, kukata fremu na kunakili marekebisho kutoka picha moja hadi nyingine 50 hufanyika kwa vitelezi, vile vidude vya kwenye skrini unavyovivuta kuongeza au kupunguza, na kwa kibodi. Huko kalamu haina faida, na wakati mwingine inachelewesha, kwa sababu kushika kitelezi chembamba kwa ncha ya kalamu kunahitaji utulivu kuliko kukishika kwa kipanya. Faida yake iko kwenye zile picha 30 au 40 za albamu na zile chache zitakazotundikwa ukutani. Brashi ya Lightroom nayo husoma mkandamizo, ila uwanja wa kalamu hasa ni Photoshop. Kwa hiyo ikiwa saa zako nyingi zinaishia kwenye kuchagua na kusawazisha, kujifunza njia za mkato za kibodi kutakuokolea muda mwingi kuliko tableti yoyote, tena bila gharama.

Kabla hujatoa fedha, fanya jaribio hili kwenye kompyuta yako. Fungua picha moja ya ukubwa kamili kwenye Photoshop, weka matabaka mawili matatu, chagua brashi laini kubwa ya pikseli 500, kisha izungushe haraka kwa kipanya. Ikiwa rangi inakuja nyuma ya duara la brashi kama mtoto anayekokota miguu, kompyuta ndiyo inayokuchelewesha, na kalamu itakuonyesha udhaifu huo waziwazi zaidi. Hapo fedha ya kwanza iende kwenye kuongeza RAM (kumbukumbu ya kazi ya kompyuta) au kubadilisha diski ya zamani kwa SSD (diski ya kisasa yenye kasi), tableti ifuate baadaye.

Tuje kwenye zile ngazi za mkandamizo. Namba hiyo inaeleza kifaa kinaweza kugawanya nguvu ya mkono wako katika vidaraja vingapi, kuanzia mguso mwepesi kabisa hadi mkandamizo wa mwisho. Miaka iliyopita ilikuwa 1,024, ikaja 2,048, ikaja 4,096 na 8,192, na sasa baadhi ya vifaa vimefika 16,384. Lakini fikiria namba hiyo inaishia wapi. Photoshop hukuonyesha uzito wa brashi kwa asilimia, kutoka 0 hadi 100, na picha ya JPEG unayomkabidhi mteja ina ngazi 256 tu za mwanga kwa kila rangi. Mkono wa binadamu nao hauwezi kukandamiza leo kwa daraja la 5,310 na kesho kwa la 5,311. Tableti ya ngazi 2,048 inatosha kwa picha, ya 8,192 ni zaidi ya kutosha, na kinachofuata ni mapambo ya boksi.

Jambo linalostahili kuulizwa badala yake ni hili: kalamu inaanza kusikia kwa mguso mwepesi kiasi gani? Ipo kalamu yenye ngazi nyingi ambayo haitoi chochote mpaka uikandamize sana, halafu ghafla inatoa mpako mzito, na hiyo ndiyo inayochosha vidole. Dukani, omba ichomekwe, kisha gusa kwa uzito wa kalamu yenyewe tu bila kuongeza nguvu. Mstari hafifu ukitokea, umepata kalamu nzuri. Programu ya tableti pia huwa na mchoro wa mkunjo unaokuruhusu kuilainisha au kuikaza, na kwa mkono wenye maumivu ningeilainisha.

Kuhusu betri, inafaa ujue kinachotendeka ndani. Chini ya uso wa kibao kuna mtandao wa nyaya unaotoa uga dhaifu wa sumaku. Ndani ya kalamu kuna koili ndogo ya waya inayopokea nishati ya uga huo na kuirudisha kama ishara, na kibao kinaisoma ishara hiyo kujua kalamu iko wapi na imekandamizwa kiasi gani. Ndiyo maana kalamu haihitaji betri wala chaja, na ndiyo maana kibao huiona hata ikiwa imeinuliwa kama sentimita moja juu yake. Wacom, kampuni ya Kijapani iliyoanzishwa mwaka 1983, ndiyo iliyoutangaza mfumo huu, na siku hizi Huion na XP-Pen nazo hutengeneza kalamu za namna hiyo. Kalamu za kuchaji zipo bado kwenye matoleo ya zamani. Ziepuke, maana umeme utakatika usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi albamu na kalamu itakuwa tupu.

Muuzaji aliyesema ndogo inatosha hakukudanganya, lakini hakumaliza maelezo. Skrini ya inchi 15.6 ina upana wa takriban sentimita 34.5. Tableti ndogo huwa na eneo la kazi la takriban sentimita 16 kwa 10, maana yake kila sentimita moja ya mkono inakuwa zaidi ya sentimita mbili kwenye skrini. Mtetemo mdogo wa vidole nao huongezeka vivyo hivyo, na wewe unajikuta ukikaza mkono ili uuzuie, jambo ambalo mkono wako haulihitaji kabisa. Tableti ya kati, yenye upana wa sentimita 22 hadi 25, inashusha uwiano huo hadi kama moja na nusu, na inakuruhusu uanze kutumia kiwiko badala ya kifundo cha mkono peke yake. Kubwa, yenye upana wa sentimita 30 na zaidi, ni nzuri kwa mwenye meza pana. Kwenye meza yenye kompyuta mpakato, kamera, diski za nje na kikombe cha chai, itakaa pembeni na mwili utapinda kuifuata. Ndogo ninampendekezea mtu anayehariri safarini au mwenye bajeti iliyobana kabisa.

Kwa hiyo kwa majina: One by Wacom ya kati ni rahisi na ya kudumu, ina sentimita 21.6 kwa 13.5 na ngazi 2,048, na usiidharau kwa namba hiyo. Huion H1060P na XP-Pen Deco 01 V2 zina eneo la takriban sentimita 25 kwa 16, ngazi 8,192 na vitufe vya kuwekea njia za mkato. Intuos Pro ya Wacom ni bora kwa uimara na mguso wa kalamu, ila bei yake naielewa kwa mtu ambaye kuhariri ndiyo kazi yake ya kila siku, saa nane kwa siku. Kwa mwaka wa kwanza wa kujifunza, ningekaa kwenye yoyote kati ya zile tatu za mwanzo, ile utakayoipata ikiwa na risiti na waranti.

Rafiki yako anayekusukuma kwenye tableti yenye skrini ana nia njema, na kwa mchoraji wa katuni ningekubaliana naye. Kwa picha ninasita. Skrini hiyo ni skrini ya pili, na rangi zake hazitalingana na za kompyuta yako mpaka zote mbili zipimwe kwa kifaa cha kupimia rangi. Za bei nafuu mara nyingi haziwezi kuonyesha rangi zote zinazohitajika, na wewe utakuwa unaamua rangi ya ngozi ya mtu kwa kioo kisichosema kweli. Mkono wako utafunika sehemu ya uso unaouhariri. Shingo itainama kwa saa nyingi, na mtu aliyekwisha kuanza kuumia hapaswi kuhamisha maumivu kutoka mkononi kwenda shingoni. Ukiwa tayari na iPad yenye Apple Pencil na kompyuta ya Mac, unaweza kuziunganisha kwa Sidecar, kipengele cha Apple kinachoifanya iPad kuwa skrini ya pili ya Mac, na kujaribu bila kununua kitu; lakini usinunue hivyo viwili kwa ajili ya kazi hii.

Ukifikiria kununua iliyotumika, nikuambie kosa langu mwenyewe. Niliwahi kununua tableti mtumba, safi, bila mkwaruzo, na nyumbani kalamu haikusogeza mshale hata nukta moja. Kalamu ilikuwa halisi, ila ya toleo jingine. Kalamu hizi hazibadilishani kama chaja za simu. Hata ndani ya kampuni moja, kalamu ya toleo hili inaweza isitambuliwe kabisa na toleo lile. Kwa hiyo jaribu palepale, kwenye kompyuta. Weka rula juu ya kibao kwa mshazari na upitishe kalamu taratibu kuifuata: mstari ukitokea kama mawimbi, achana nacho. Gusa pembe zote nne, tikisa kidogo waya mahali unapoingia, na uulize ncha za akiba ziko wapi. Ncha huliwa kadiri unavyotumia, na ikiisha ikiwa na makali itachora mifereji kwenye uso wa kibao.

Ukishanunua, ondoa kwanza programu ya tableti nyingine yoyote iliyowahi kuwekwa kwenye kompyuta, kisha pakua mpya kutoka tovuti ya kampuni yenyewe. Kwenye Mac, kalamu haitasogeza kitu mpaka uipe programu hiyo ruhusa katika mipangilio ya faragha. Kwenye Windows, ukiona duara linajitokeza kila unapotulia, au mpako unaanza kwa kuchelewa, zima ile tabia ya kubonyeza na kushikilia. Ukizima Windows Ink yote (sehemu ya Windows inayoshughulikia kalamu), Photoshop inaweza kuacha kusoma mkandamizo, kwa hiyo badilisha kitu kimoja kimoja. Kisha washa sehemu ya Transfer kwenye mipangilio ya brashi ili uzito ufuate kalamu. Alama ndogo ya mshangao ikijitokeza hapo, ujue Photoshop haijaiona tableti. Mwisho, lazimisha uwiano wa kibao ulingane na wa skrini, hata kama utapoteza ukanda mwembamba chini. Bila hivyo, duara unalolizungusha kwa mkono litatokea kama yai.

Wiki ya kwanza itakuudhi. Kipanya huusogeza mshale kutoka pale ulipo, lakini kila nukta ya kibao ni nukta moja maalumu ya skrini, na ubongo unahitaji siku kadhaa kuukubali mpango huo huku macho yakiwa kwengine. Ficha kipanya kwenye droo, fanya hata kazi za kawaida kama kufungua mafaili kwa kalamu, na usiinue kalamu juu sana maana mshale utaganda. Wengi huzoea ndani ya wiki mbili. Ukiwa mashoto, kigeuze kibao na uiambie programu hivyo.

Nimeuacha mkono mwisho kwa makusudi, kwa sababu hapa naomba unisikilize kuliko pengine pote. Kalamu huuweka mkono ukisimama ubavu badala ya kulala kifudifudi, na wengi hupata nafuu. Lakini ukiishika kwa kukaza, ukahariri saa sita bila kusimama, utapata maumivu mapya mahali papya. Ganzi ya vidole si uchovu wa kawaida. Ikiwa inashika kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa usiku, huenda mshipa wa fahamu unaopita kwenye kifundo cha mkono umebanwa, na hilo hupimwa kwa mikono na macho ya daktari, si kwa maandishi yangu. Nenda hospitali na uombe kuonana pia na mtaalamu wa fiziotherapia, na uende upesi ikiwa unaangusha vitu, ukishindwa kufunga vifungo vya shati, au ganzi haiondoki hata siku usizofanya kazi. Mweleze unatumia kipanya saa ngapi kwa siku na mkono gani unaobeba kamera, kwa maana kamera yenye lenzi nzito na flashi juu yake, ikishikwa tangu maandamano ya maharusi hadi kukata keki, huenda ina lawama kubwa kuliko kipanya.

Ikiwa kuna mhariri mwenzako mjini mwenye tableti, mwombe nusu saa uketi kwenye meza yake na picha yako mwenyewe, ile yenye mstari chini ya taya. Na utakapoleta ya kwako nyumbani, anza na picha za shughuli uliyokwisha kukabidhi zamani, usianze na harusi ambayo mteja anaisubiri Ijumaa.